Boti ya Majina Mawili

Ukishuka kwenye mwalo wa Mulongwe, ufukwe wa wavuvi pale Uvira, ukaona mtumbwi uliopakwa mnyama usiyemjua, mwenye pembe usoni au kucha ndefu kama mundu, ujue umeshakutana na Bernardine hata kabla hajakusalimu. Watu wa mwalo humwita Mama Penso, kwa sababu ya penso, ile brashi ya rangi, isiyobanduka nyuma ya sikio lake. Huenda nayo sokoni, huenda nayo misani. Padri alishazoea.

Hakuzaliwa na brashi. Alizaliwa Runingu, kwenye uwanda wa Ruzizi, katika nyumba ya wakulima wa mihogo, na mkono wake ulijua jembe kabla ya kujua kalamu. Aliletwa Uvira na ndoa. Mpaka rangi wa mwalo alikuwa mumewe, Placide, ambaye aliandika majina ya mitumbwi na maboti yote, na hata bango la duka moja la chumvi. Miaka tisa iliyopita Placide aliugua siku nne, ya tano akafariki, akaacha mtumbwi mmoja umeandikwa DIEU ME. Ulitakiwa kuwa DIEU MERCI, yaani asante Mungu.

Matanga yalipokwisha, mwenye mtumbwi alikuja na aibu yake, akasimama mlangoni, akasema samahani sana, lakini hawezi kuendelea kuvua na jina nusu. Bernardine alichukua mkebe wa brashi akaenda kumalizia. Herufi zake tatu zilitoka kubwa kuliko zile sita za marehemu, na ile ya mwisho nusura ikose mahali pa kukaa. Watu walicheka. Yeye naye alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na alipomaliza kucheka alijua kwamba ule mkebe hautarudi tena chini ya kitanda.

Miaka ya mwanzo alipaka simba. Simba! Muulize mtu yeyote wa Mulongwe alimwona simba lini. Alipaka tai, akapaka mamba, akarudi kwa simba, maana kila mwenye mtumbwi alimtaka simba na kila mmoja alijifanya kuijua rangi ya simba kumzidi yeye. "Apana, Mama, hii iko njano sana." "Mama, ongeza nywele." Aliongeza nywele. Alipunguza njano. Kazi ilianza kumkinaisha kama ugali usio na mboga.

Aliyemtoa kwenye simba ni Jean-Marie, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, mtu mwembamba ambaye hawezi kuacha kufundisha hata siku ya mapumziko. Alimkuta Bernardine anapaka mamba, akasimama nyuma yake.

"Mama, unajua huyu mamba iko na bandugu ya zamani sana? Badinosau."

Akatoa simu, akamwonyesha picha ya dinosaria. Bernardine aliitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo ni mpaka rangi tu angeliuliza.

"Nani alimuona?"

"Hakuna muntu. Balikufa zamani sana, mbele ya muntu wa kwanza."

"Sasa hii rangi, banaijua namna gani?"

Mwalimu akacheka. "Habajue, Mama. Bachache tu, bale benye manyoya, njo balichunguza bakapata kidogo. Bengine bote, muchoraji anajipangia."

Bernardine aliweka brashi chini. Mnyama ambaye hakuna mtu duniani wa kukuambia iko njano sana! Alifurahi hivi kwamba alimsahau mamba wa watu, na jua likamkausha bila mkia.

Na si hilo tu. Jean-Marie alimweleza kwamba hao wanyama hawajaisha kujulikana. Kila mwaka wataalamu wa nchi mbalimbali huchimbua mifupa, huilinganisha na iliyokwisha kupatikana, na wakiona haifanani na yoyote, humpa mnyama jina jipya. Kwa mwaka ni makumi; ukigawanya vizuri, ni karibu mmoja kila juma.

"Balikufa zamani, na bangali banazaliwa?" aliuliza Bernardine.

"Majina njo inazaliwa, Mama. Mifupa ilikuwaka tu mu udongo, inangoya."

Kesho yake alinunua kaye, daftari la kurasa mia, akaligawa safu tano kwa rula: jina, nchi, mwaka wa kupewa jina, rangi, na ya tano, ambayo mwalimu aliipendekeza kwa mzaha, Aliyemwona. Tangu hapo, kila Jumamosi Jean-Marie hupita na habari alizokusanya, na Bernardine huandika. Kuna Stegouros wa Chile, mwenye mkia wa vita, aliyepewa rangi ya pilipili. Kuna Natovenator wa Mongolia, anayedhaniwa kuwa aliogelea kama bata; huyo alipakwa kwenye mtumbwi wa mvuvi wa ndagala, bluu yenye madoa meupe, na mvuvi anaapa kwamba tangu siku hiyo samaki wanamheshimu. Safu ya tano ilibaki tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Bernardine hakuifuta. Alisema inampumzisha macho.

Kilichomsumbua kilikuwa majina. Yalikuwa marefu, ya Kigiriki na Kilatini, na yalimng'ang'ania kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Mpaka Jumamosi moja Jean-Marie alipomletea karatasi.

"Soma weye mwenyewe, Mama."

Alisoma. Akasoma tena. "Shingopana." Akaweka kidole juu ya jina. "Mwalimu. Hii ni shingo pana?"

"Njo hivyo. Shingo pana. Wa Tanzania, ku Rukwa. Ukishuka ziwa mpaka mwisho, uvuke ng'ambo, haiko mbali. Balimupa jina 2017. Sasa soma mwenye kumufuata, wa 2019."

Wa kumfuata aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia.

Bernardine alipiga kelele hivi kwamba wanawake wa samaki waliacha mizani wakaja mbio, wakidhani kuna msiba. Mnyama wa Mtuka! Moyo wa mkia! Jina ambalo hata mama yake kule Runingu angelielewa bila mwalimu! Jean-Marie alieleza kwamba Mtuka ni mto ambao mifupa ilipatikana kwenye korongo lake, na kwamba mfupa mmoja wa mkia una umbo la moyo. Alikuwa mla majani, mwenye shingo ndefu, wa miaka kama milioni mia moja iliyopita. Bernardine hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akilirudia lile jina polepole, sehemu ya kwanza halafu ya pili, huku mabega yake yakienda mbele na nyuma.

"Huyu simuweke ku mutumbwi mudogo," alisema. "Huyu anangoya boti nzito."

Akamngojea boti. Na katika kungoja huko, ndipo mambo yalipoharibika.

Zilikuja otokola. Ni zile karatasi za kubandika zinazochapwa kwa mashine Bujumbura, zinazong'aa, herufi zote sawasawa, na tai anayefanana na tai wa jirani kama sarafu mbili. Mwenye boti wa kwanza alibandika, wa pili akamwiga, na kufikia mwaka 2024 maboti saba yalikuwa yamekwisha kumhama Mama Penso. Alibaki na mitumbwi midogo, na hata hiyo wenyewe walianza kusema, "Mama, tutaangalia kwanza." Ndugu zake wa Runingu walishamwambia kwamba shamba lipo, na jembe lipo. Bernardine hana ugomvi na jembe. Lakini kila jioni aliufungua mkebe wa Placide, akazihesabu brashi, akaufunga tena, na simlaumu.

Mwalo mzima ulijua kwamba boti ya Sévère ndiyo itakayoamua. Sévère ni mfanyabiashara mnene mwenye roho nzuri, ambaye wote humwita Patron, yaani bosi, ila analipenda mno jina lake. Boti yake ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa pale. Ilikusudiwa kuleta mihogo na mawese ya Makobola hadi Uvira. Atakachoweka Sévère ubavuni, wengine watakiweka. Naye alikuwa amekwisha kuagiza otokola.

Bernardine alivaa kitenge chake cha Krismasi akaenda kumwona, kaye kwapani. Alimkuta barazani na mkewe, Josée. Akamweleza habari za mnyama, akamwonyesha mchoro.

"Mama Penso," alisema Sévère, "minye nakuheshimu. Marehemu njo aliandika mutumbwi yangu ya kwanza. Lakini hii nyama ilikufa. Minye niweke maiti ku boti mupya?"

Kwa hilo Bernardine alikuwa amejiandaa. Alifungua ukurasa wa mwaka ule ule. "Patron, sikia. Ku Zimbabwe, ku ziwa Kariba, bataalamu balilala mu boti, kila siku banatoka banatafuta mifupa pembeni ya mayi. Bakapata dinosau mupya. Balimupa jina gani? Musankwa. Na Musankwa ilikuwaka jina ya boti yao! Sasa kama boti inaweza kupa nyama jina, nyama itashindwa namna gani kupa boti?"

Sévère alifikiri. Ungeweza kuona wazo likimwingia, maana alianza kutabasamu kidogo kidogo.

"Kumbe siku moja banaweza kuita nyama Patron Sévère?"

"Boti yako ikibafikisha penye mifupa, nani atakataza?"

Josée, aliyekuwa ameushikilia mchoro muda wote, alisema kwamba huyo mnyama ana macho mazuri na yeye anamtaka. Sévère, ambaye hajawahi kumshinda Josée katika jambo lolote, alitoa hukumu aliyoiona kuwa ya busara kabisa: otokola upande wa kulia, mnyama upande wa kushoto. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo ni watu wa mwalo tu wangeweza kulifanya, na cha ajabu hakuna aliyelistukia.

Bernardine alifanya kazi siku sita. Mgongo wa mnyama aliupa wekundu wa udongo wa Ruzizi wakati wa mvua, na tumbo rangi ya mawese mabichi. Shingo aliipeleka hadi puani mwa boti. Kwenye mkia alichora mfupa mweupe wenye umbo la moyo, na chini ya miguu akaandika jina lote: MNYAMA WA MTUKA, MOYO WA MKIA. Jean-Marie alimkumbusha kwamba kwa kweli mfupa ule ulikuwa ndani, usingeonekana.

"Minye najua, Mwalimu. Lakini bantu bataona namna gani?"

Upande wa pili otokola ilibandikwa kwa dakika kumi: PATRON SÉVÈRE, herufi za dhahabu, na tai.

Siku ya kuishusha boti ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, asubuhi. Ikumbukwe kwamba miezi michache kabla ziwa lilikuwa limepanda na kuingia kwenye nyumba za watu, na fundi Pitchou, aliyeijenga boti, alikuwa ameijengea juu kabisa karibu na barabara. Sasa maji yalikuwa yamerudi chini, na kati ya boti na ziwa palikuwa na mchanga wa hatua karibu mia. Magogo ya mikaratusi yalitandikwa, na watu arobaini wakaja, ishirini kila upande. Wengine wote walikuja kutazama.

Kwenye mwalo ule boti mpya haisukumwi kimya. Jina lake huitwa, watu huitikia, na mgongo wa kila mmoja hufanya kazi pale pa kuitikia. Pitchou, mwenye sauti ya besi ya kwaya, ndiye anayeita siku zote. Alisimama mahali pake pa siku zote, kushoto, akasoma kilichokuwa mbele ya macho yake.

"Mnyama wa Mtuka!"

Lakini upande wa kulia walikuwa na jina lao mbele ya macho yao, na mwenyewe yupo, amevaa suruali iliyopigwa pasi, anaita kwa nguvu zote:

"Patron!"

"Sévère!" wakaitikia wa kulia, wakasukuma.

"Moyo wa mkia!" wakaitikia wa kushoto, wakasukuma, lakini wenzao walikuwa wamekwisha kupumua.

Boti haikwenda mbele. Iligeuza pua ikatazama kaskazini, Kavimvira. Wakajaribu tena, ikatazama kusini, Kalundu. Mara ya tatu ikapanda gogo, gogo likapasuka, na ile boti kubwa kuliko zote ikakaa mchangani kama mbuzi aliyekataa kamba. Watazamaji walikuwa wanalia kwa kicheko.

"Sévère! Hii boti inataka kwenda Bujumbura na miguu!"

Sévère alikuwa amelowa jasho na aibu. Alizunguka puani, akamtafuta Bernardine kwa macho.

"Ni hii nyama! Nilisema, minye! Nyama ya kufa inakataa mayi! Mama Penso, leta rangi nyeusi, funika hii kitu sasa hivi!"

Kicheko kilikatika. Wenye maboti wote walikuwa pale, wenye mitumbwi wote walikuwa pale, na kila mmoja alielewa kinachofutwa. Bernardine aliutazama mgongo mwekundu wa mnyama. Siku sita za kazi, miaka tisa ya mwalo, na mkebe wa Placide, vyote ndani ya kopo moja la rangi nyeusi. Alikwenda akalichukua. Alirudi nalo, akalifungua, akaweka brashi ndani. Halafu akasema:

"Nitafuta, Patron. Lakini boti haisikie majina mbili. Muite kwanza moja tu. Anza na yako."

Hakuna aliyeweza kukataa haki namna hiyo. Gogo likabadilishwa. Watu arobaini wakashika, Sévère akaita, "Patron!" wakaitikia, "Sévère!" Boti ilisogea, nitasema ukweli, ilisogea hatua mbili. Lakini jina lenyewe ni fupi, linakwisha kabla mgongo haujanyooka. Na kumwitikia mtu jina lake mwenyewe, naye amesimama pale, kulianza kuwachekesha. Mtu anayecheka hasukumi. Boti ikasimama.

"Sasa ingine," alisema Bernardine.

Pitchou alifungua kinywa aite, lakini Bernardine alimtangulia. Alikuwa bado na brashi mkononi. Na sauti iliyotoka haikuwa ya mwalo. Ilikuwa ya Runingu, ya wanawake walioinama kwenye matuta ya mihogo, mmoja anaita na wengine wanapigisha jembe chini kwa pamoja. Hilo alilijua tangu siku aliyosoma ile karatasi, ndiyo maana mabega yalikuwa yakimcheza: hili halikuwa jina tu, lilikuwa wimbo wa kazi, wenye mwito na kiitikio chake.

"Mnyama wa Mtukaaa!"

"Moyo wa mkia!"

Boti ilisogea hatua tatu.

"Mnyama wa Mtukaaa!"

"Moyo wa mkia!"

Tano. Magogo yalianza kulia. Wanawake wa samaki waliacha mabeseni wakaja kushika, Josée miongoni mwao, na Mwalimu Jean-Marie, ambaye hana nguvu za kusukuma hata baiskeli, alishika pia. Waliokosa mahali pa kushika boti walisukuma waliokuwa mbele yao. Jina liliendelea kuitwa na boti ikaendelea kushuka, na hapo katikati, sijui ni wakati gani hasa, Sévère alitoka mbio upande wa kulia, akazunguka, akaweka bega chini ya tumbo la mnyama, rangi ya mawese, akawa anaitikia kwa nguvu kuliko wote. Aliingia ziwani na ile suruali yake hadi magotini. Boti ilipoelea, mwalo mzima ulipiga vigelegele, na Bernardine akagundua kwamba analia na brashi imemdondokea kwenye mchanga.

Sévère alitoka majini akaja mpaka alipokuwa.

"Mama Penso."

"Patron."

"Ile upande ingine iko wazi. Utaipenta lini?"

Bernardine alitazama. Tai alikuwa bado anang'aa pale, na herufi zote za dhahabu. "Haiko wazi, Patron. Iko na jina yako."

"Minye nasema iko wazi," alisema Sévère. Akarudi majini, akaingiza ukucha chini ya otokola, akaivuta yote kwa mkupuo mmoja, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kabla ya saa sita mchana watu wanne walikuwa wamemwuliza Bernardine kama ana mnyama wa kuwafaa. Mmoja wao alikuwa mwenye DIEU MERCI. Jina hataki libadilishwe hata herufi moja, alisema, ila kama kuna mnyama wa kukaa chini yake, na awekwe.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, Bernardine alikaa mbele ya nyumba yake, akafungua kaye kwenye mstari wa Mnyamawamtuka. Tanzania. 2019. Udongo wa Ruzizi na mawese. Akaichukua kalamu, akafika kwenye ile safu ya tano, ambayo haikuwahi kuandikwa kitu, akaandika: Watu wote wa mwalo wa Mulongwe, Jumamosi asubuhi.

Jean-Marie, aliyekuwa amekaa karibu yake huku akilikanda bega lake mwenyewe lililouma kwa kusukuma, alisoma. Ni mtu wa sayansi. Alikohoa, akaomba kalamu, na Bernardine akampa, akijua anataka kusahihisha. Mwalimu aliinamisha kichwa juu ya kaye, akafikiri kidogo, na mwisho wa ule mstari akaongeza: na mimi.